Umepasuliwa mguu na hujaridhika na matokeo: hatua za kufuata

Kwa miezi minne baada ya kupasuliwa kifundo cha mguu wa kulia, kila nilipoingia kliniki daktari aliniuliza, "Mama, unaendeleaje?" Na kila mara nilijibu, "Namshukuru Mungu, dokta, naendelea vizuri." Ndivyo nilivyolelewa. Mtu akikujulia hali, humwagi shida zako mezani kabla hata hajakaa. Naye aliandika alichosikia: anaendelea vizuri. Nikitoka pale nachechemea hadi kituoni, napanda daladala kwa kutanguliza mguu mzima, nafika nyumbani nalia. Siku nilipoomba kusomewa faili langu ndipo nilipojua kwamba kwa maandishi mimi ni mgonjwa aliyepona.

Ni fundi cherehani, ya kukanyaga. Bodaboda iliteleza kwenye mchanga, kifundo kikavunjika pande zote mbili, nikawekewa pleti na skrubu upande wa nje na skrubu mbili upande wa ndani. Haya ninayoyaandika ni kwa aliyepasuliwa kifundo, kisigino au kidole gumba kilichopinda, akaruhusiwa, akaambiwa amepona, na mguu wenyewe unakataa.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki wala barua ya malalamiko. Homa pamoja na kidonda kinachotoa usaha, harufu, au mshono uliofumuka. Vidole vilivyopoa na kubadilika rangi, au ganzi iliyoingia ghafla. Shavu la mguu kuvimba, kuwa la moto na kuuma ukilibonyeza, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani. Na kama pamoja na hiyo unakosa pumzi au kifua kinachoma, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukiwa na kisukari usingoje maumivu yakwambie. Mguu wa mwenye kisukari unaweza kuoza ndani bila kuuma, kwa hiyo ukague kwa macho kila siku, unyayo na katikati ya vidole, au mwombe mtu akukagulie.

Hatua ya 2: Hesabu wiki

Mfupa wa mtu mzima kwa kawaida huunga katika wiki 6 hadi 12. Ukishaunga, bado kuna misuli iliyosinyaa ndani ya P.O.P. (plasta ngumu), kano zilizokakamaa, na kovu lililoshikana na ngozi. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi sita, hata mwaka mzima, na hauna maana kwamba operesheni imeharibika. Ganzi kuzunguka kovu ni ya kawaida pia. Kwa wengine huisha taratibu, kwa wengine kipande kidogo hubaki hivyo. Ndiyo maana madaktari wengi wa mifupa hawatoi neno la mwisho kuhusu operesheni ya mguu kabla ya mwaka kupita. Mvutaji sigara na mwenye kisukari huchelewa zaidi.

Lakini mwaka huo wasikufungie mdomo nao. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua hayasubiri mwaka. Mguu unaoonekana umekaa upande, au unyayo unaokanyaga kwa ukingo, hausubiri. Skrubu unayoigusa kwa kidole chini ya ngozi, na ngozi juu yake inakuwa nyekundu, haisubiri. Mfupa ambao kwenye picha bado haujashika baada ya miezi sita unahitaji mpango mpya. Tena kuna maumivu ya aina yake, ambayo hata shuka ikigusa mguu unaruka, ngozi inabadilika rangi, inatoka jasho au inapoa kuliko mguu wa pili. Hayo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoweza kufuata jeraha au upasuaji, una matibabu yake, na unataka kuwahiwa. Usikubali kuambiwa ni deko.

Hapa pia ujiulize kwa ukweli ulifanya nini. Mimi niliambiwa nisikanyage kwa wiki sita. Wiki ya nne nguo za Idi zilikuwa zimejaa mezani, nikakanyaga. Nililificha hilo kwa muda mrefu nikiogopa kulaumiwa, na kwa kulificha nikamnyima daktari habari aliyoihitaji. Kama ulikanyaga mapema, kama hukwenda mazoezi kwa kukosa nauli, kama ulikandwa maji moto na mchuaji akaunyoosha mguu, sema. Kusema hakukuondolei haki ya kutibiwa.

Hatua ya 3: Tafuta maneno kamili

Kiswahili chetu kinatuponza katika jambo hili. Mguu kwetu unaanzia nyongani unaishia vidoleni. Ukimwambia daktari "mguu unauma", umemwambia karibu hakuna kitu. Sema kifundo, kisigino, unyayo, sehemu ya juu ya wayo, fundo la nje, fundo la ndani. Kisha weka ncha ya kidole kimoja mahali panapouma zaidi. Ukilazimika kutumia kiganja kizima, sema pia kwamba maumivu yametapakaa, kwa sababu hiyo nayo ni habari.

Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika kila siku, mistari mitatu inatosha. Ukurasa mmoja wangu ulikuwa hivi:

"Jumatatu. Hatua kama kumi za kwanza kutoka kitandani zinauma, kisha panalegea. Saa 4 asubuhi cherehani. Nikishakanyaga kwa dakika kumi hivi panachoma upande wa nje, juu kidogo ya fundo, eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Viatu vya kufunga haviingii. Saa 10 jioni nimeacha kazi. Usiku soksi imeacha mfereji. Panadol mbili."

Ukurasa huo ulifanya kazi kuliko miezi minne ya "unauma uma, dokta". Ulionyesha kwamba maumivu yapo mahali pamoja, yanakuja kwa kazi ile ile, na kiatu kinayachokoza. Daktari wa pili alipousoma alibonyeza pale pale kwa kidole gumba, nami nikaruka.

Andika kazi zinazokushinda, kwa majina ya maisha yako. Je, unaweza kuchuchumaa chooni visigino vikiwa chini, au kimoja kinanyanyuka? Unaweza kukaa tahiyatu? Unashuka ngazi mguu mmoja mmoja kama mtoto? Unasimama kwenye foleni dakika ngapi kabla ya kutafuta ukuta? Kuchuchumaa hasa ni kipimo kizuri sana, kwa kuwa kunahitaji kifundo kikunjwe karibu mpaka mwisho wake. Pima kwa vidole vya mkono kisigino kimenyanyuka kiasi gani, uandike. Changu kilikuwa vidole vinne.

Chukua pia kandambili ulizozivaa tangu uanze kutembea, uzigeuze. Soli inayoliwa upande mmoja zaidi kuliko mwenzake inaeleza jinsi unavyokanyaga. Nenda nazo kliniki. Piga picha za mguu asubuhi na jioni, miguu yote miwili pamoja, ukiwa umesimama, kutoka mbele na kutoka nyuma.

Mwisho katika daftari hilo, andika ulitarajia nini na nani alikuahidi. Wengi tunasononeka kwa sababu hatukuambiwa kwamba kifundo kilichovunjika vibaya hakirudi kama kilivyozaliwa, au kwamba kidole gumba kilichonyooshwa kinaweza kukakamaa. Kutoambiwa ni lalamiko halali. Ila ni lalamiko tofauti na "amekosea kukata", na usipoyatenganisha utajibiwa moja ukiwa umeuliza lingine.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi kabla hujagombana na mtu

Unachohitaji ni muhtasari wa kuruhusiwa, maelezo ya operesheni yaliyoandikwa na aliyekupasua, picha za eksirei za kabla na baada, fomu ya ridhaa uliyosaini, vyeti vya dawa na risiti. Eksirei omba kwenye diski au picha yenyewe. Kioo cha kompyuta kilichopigwa picha kwa simu huonyesha mwanga wa dirisha kuliko mfupa.

Andika ombi fupi lenye jina, namba ya faili na tarehe ya upasuaji, ulipeleke kitengo cha kumbukumbu, ubaki na nakala. Taarifa za afya yako ni taarifa zako binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinampa mtu haki ya kujua na kupata taarifa zinazomhusu. Kwa kawaida hutahitaji kutaja sheria. Mara nyingi karani wa kumbukumbu akiona barua iliyoandikwa kwa adabu anakusaidia. Ukizungushwa wiki mbili, itaje. Na usichomoe karatasi hata moja kwenye faili wala kuandika chochote juu yake, hata kama umeona uongo.

Hatua ya 5: Rudi kwa aliyekupasua

Najua hapa ndipo watu wanaposita. Wengine wanaona aibu, wengine wamekasirika, wengine wanaogopa watatibiwa vibaya siku nyingine. Hata hivyo yeye ndiye aliyeuona mfupa wako kwa macho. Anajua ulikuwa vipande vingapi, anajua kwa nini aliweka skrubu ndefu pale. Daktari mwingine yeyote ataanza kwa kukisia.

Nenda na mtu. Msaidizi mzuri ni yule anayesikiliza na kuandika. Mjomba mwenye hasira mwache nyumbani. Na ukiulizwa unaendeleaje, usiijibu kama salamu. Mimi nilifanya mazoezi ya sentensi hii mbele ya kioo: "Shikamoo dokta. Leo sijaja kusema naendelea vizuri. Nimekuja na mambo matatu yaliyonishinda, nimeyaandika." Kisha nikafungua daftari. Moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni. Daktari akavuta kiti chake karibu, akasema, "Soma, mama."

Maswali niliyoyaona yana faida ni haya. Je, mfupa umeunga kabisa, na naomba unionyeshe kwenye picha? Je, umekaa mahali pake, au umeunga ukiwa umepinda? Kuna chuma kinachogusa kano, mshipa au kiungo? Kipi kati ya hivi ninavyovisikia bado kitapungua, na kipi kimebaki hivyo? Tukisubiri miezi mitatu, tutaangalia kitu gani ili tujue kusubiri kumesaidia? Hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote. "Tusubiri" yenye kipimo na tarehe ni mpango wa matibabu, na isiyo na vyote viwili ni kufukuzwa kwa upole.

Omba eksirei ya kusimama. Picha ya mguu uliolala kitandani inaweza kuonekana safi, na mguu ule ule ukibeba uzito ukaonyesha kiungo kimefunguka au unyayo umebonyea. Kama hali ya mfupa haieleweki, kipimo cha CT huonyesha vizuri zaidi kama umeunga. Kama kuna shaka ya wadudu ndani, kuna vipimo vya damu. Kama tatizo ni kukakamaa tu, uliza kuhusu mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na uliza ni mara ngapi kwa wiki na kwa wiki ngapi.

Kabla ya kunyanyuka sema, "Dokta, naomba uandike kwenye faili kwamba siwezi kuchuchumaa na siwezi kukanyaga cherehani." Msubiri aandike. Ombi hili ni la kawaida kabisa na daktari mzuri haudhiki nalo. Faili ndilo atakalolisoma daktari wa zamu ijayo, na bima, na siku moja labda baraza au mahakama.

Hatua ya 6: Maoni ya pili

Kama maelezo hayakukutosheleza, au umeambiwa upasuliwe tena, tafuta daktari bingwa wa mifupa mwingine, na ikiwezekana wa hospitali nyingine. Kwa Tanzania kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, na hospitali kubwa za kanda kama KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na Kijabe. Omba barua ya rufaa, kwa sababu bila hiyo bima inaweza kukataa kulipa na wewe ukapangwa mwisho wa foleni.

Mweleze huyo wa pili kila kitu, pamoja na alichosema wa kwanza. Kuna watu wanaficha ili "wampime" daktari. Mguu ni wako, usiuchezee mtihani. Wala usimshinikize amseme mwenzake vibaya. Swali lako ni hali ya sasa na njia ya kutokea hapa.

Ukishauriwa upasuliwe tena, pumua kwanza. Mara ya pili kuna makovu, ngozi imechoka, hatari ya wadudu ipo, na hakuna anayeweza kukuhakikishia maumivu yataisha. Kutoa vyuma, kwa mfano, huwasaidia wengi wanaoumia pale pale penye chuma, lakini wapo wanaotolewa na maumivu yakabaki. Baada ya kutolewa, matundu ya skrubu huacha mfupa dhaifu kwa muda, na utahitaji kuutunza tena. Uliza, "Tukiacha hivi hivi, miaka mitano ijayo mguu huu utakuwaje?" Kama jibu ni kwamba kiungo kitasagika kwa sababu mfupa umekaa vibaya, kuchelewa kuna gharama. Kama jibu ni kwamba hautabadilika, una nafasi ya kufikiri bila haraka.

Hatua ya 7: Kulalamika rasmi

Kwanza pambanua. Matokeo yanaweza kuwa mabaya ingawa kila mtu alifanya kazi yake sawasawa. Pia kuna madhara yanayojulikana, kama kuambukizwa au kukakamaa, ambayo hutokea hata mikononi mwa bingwa. Uzembe ni pale mtoa huduma alipofanya jambo ambalo mwenzake mwenye ujuzi kama wake asingelifanya, au alipoacha jambo ambalo mwenzake angelifanya: kupasua mguu usio wenyewe, kuona usaha wiki tatu bila kuchukua hatua, kukupasua bila ridhaa yako. Usiandike neno "uzembe" katika barua ya kwanza kabla ya maoni ya pili. Andika yaliyotokea, na tarehe zake.

Amua pia unataka nini. Maelezo? Kuombwa radhi? Kurekebishwa bila malipo? Fidia? Kila moja lina mlango wake.

Mlango wa kwanza ni hospitali yenyewe. Afisa ustawi wa jamii au dawati la malalamiko watakupokea, lakini barua mwandikie Mganga Mfawidhi:

"Nilifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu wa kulia hospitalini kwenu tarehe …, namba ya faili … . Tangu mwezi … ninasumbuliwa na … . Nililieleza kliniki tarehe … na …, nikajibiwa … . Naomba mambo matatu: maelezo ya maandishi kuhusu hali ya mfupa na vyuma, nakala ya maelezo ya operesheni, na kuonwa na daktari bingwa mwingine. Naomba nijibiwe kufikia tarehe … ."

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Sanduku la maoni pale mlangoni halikupi mhuri.

Usipojibiwa, au jambo likiwa zito, Tanzania Bara liko Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosimamia maadili na usajili wa madaktari. Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Vyombo hivi humchunguza daktari na vinaweza kumwadhibu. Anayetaka fidia kwa kawaida huishia kwa mwanasheria na mahakama, na hapo kalenda ni kali. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, Tanzania na Kenya pia. Tanzania, kabla ya kuishitaki serikali lazima utoe notisi ya siku 90. Kenya, madai ya namna hii dhidi ya serikali yana ukomo wa miezi 12 tu. Kwa hiyo aliyetibiwa hospitali ya umma amwone mwanasheria mapema, hata kama bado anaendelea na kliniki. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2017 na wasaidizi wa kisheria wapo hata wilayani.

Ukiletewa karatasi ya "tumalizane" pamoja na bahasha, usisaini siku hiyo. Ichukue, isomwe na mtu anayejua sheria.

Wakati unasubiri

Majibu huchukua miezi, na mguu haukai kusubiri. Kama mtaalamu wa mazoezi amekuruhusu, kaa chini ukinyoosha goti, pitisha kanga chini ya unyayo karibu na vidole, vuta kuelekea kwako taratibu, shikilia nusu dakika, achia, rudia mara chache asubuhi na jioni. Inyanyue miguu juu ya mto jioni, juu kuliko moyo. Kukanda maji moto kwenye kidonda kibichi kataa kabisa, hata kama anayekanda ni shangazi uliyemheshimu maisha yako yote. Mimi nilimwambia wangu, "Shangazi, dokta amekataza," akaliacha beseni bila kinyongo.

Mimi nilitolewa vyuma vya upande wa nje mwezi wa kumi na nne. Kile cha kuchoma kimekwisha. Kukakamaa kumebaki, kisigino sasa kinanyanyuka vidole viwili, na cherehani nimefunga mota kwa sababu jioni mguu bado unachoka. Kliniki yangu inayofuata ni mwezi ujao, na kwenye daftari nina swali moja tu, kuhusu skrubu mbili za ndani: zibaki au zitoke.